Matanga ya Ijumaa Kuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngoma kabla ya kupewa kitabu. Ilikuwa Jumamosi, wakati wa Mdachi, katika misheni iliyokuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Chamwino. Nilikuwa kijana niliyejiona msomi kwa sababu niliweza kusoma Injili ya Kiswahili bila kuweka kidole chini ya mstari. Mwalimu Mkuu, Mgogo mwenzangu mwenye masikio yaliyotogwa na sauti ya kukwaruza, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanisogezea ngoma.

"Petro, piga."

"Nipige kwa namna gani, Mwalimu?"

"Piga mpaka anayechunga ng'ombe ng'ambo ya korongo ajue kwamba kesho si siku ya kulima. Ukishaweza hilo, tutazungumza habari za kusoma."

Nikapiga mpaka mikono ikavimba. Ninyi walimu vijana mna kalenda ukutani na saa mkononi, na bado mnachelewa ibadani. Sisi tulikuwa watunza siku. Katika nchi nzima ile, kati ya kilima na kilima, hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kwamba leo ni Jumapili isipokuwa mwalimu, na mwalimu akikosea, Jumapili ya watu wote ilipotea.

Kazi yenyewe iliitwa ualimu, lakini chini ya jina hilo zilijificha kazi nyingi. Asubuhi tulifundisha watoto kusoma. Jioni tulikaa na darasa la ubatizo, yaani watu wazima waliokuwa wakijifunza Imani ili wabatizwe. Jumapili tulisoma masomo ya siku ile na kuyaeleza kwa Kigogo, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa bado lugha ya wasafiri na ya Boma. Masomo hatukujichagulia. Kanisa lina mwaka wake usiofuata Januari. Unaanza na Majilio, majuma ya kungoja kabla ya Krismasi, na kila Jumapili ina fungu lake la Maandiko, mpaka mtu ametembea na Bwana kutoka tumboni mwa mama yake hadi kaburini na hadi mbinguni.

Jambo ambalo Wazungu hawakulitazamia, maana kwao Krismasi ni wakati wa baridi, ni jinsi mwaka ule ulivyokaa juu ya udongo wetu. Majilio hutukuta tukipanda uwele katika vumbi, macho yakiwa juu, tukingoja mvua. Krismasi huja na tope. Kwaresima, ile mifungo ya kabla ya Pasaka, huangukia miezi ambayo ghala ni tupu na shamba bado. Pasaka huja mabuyu yamekwisha lakini mahindi mabichi yameanza kuonekana. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilishikwa na mshangao, na mpaka leo haujaniachia.

Kijana ana haraka. Jumapili yangu ya kwanza ya Majilio niliona watu wamechoka na habari za kukesha na kungoja, nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba heri niwasomee habari za kuzaliwa, wafurahi.

"Umepanda uwele wiki gani?" akaniuliza.

"Wiki iliyopita."

"Basi nenda kavune, ule." Akaniacha nimetahayari, kisha akasema kwa upole, "Usimpe mtu neno kabla ya siku yake, Petro. Atalila bichi, na likiiva hatalitaka tena."

Nililishika neno hilo kama sheria. Nililishika sana, kama mtakavyoona.

Nilipokwisha kuzoea kazi, Mchungaji akaniita. Huyu alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, mwenye ndevu zilizoanza mvi, aliyekuwa amemzika mke wake na mtoto wao mmoja nyuma ya kanisa la misheni. Watu walimwogopa kwa sababu hakucheka. Aliniambia kwamba napelekwa Haneti kuanzisha kituo, yaani kanisa dogo na shule mahali ambapo hapakuwa na chochote.

"Utakuwa peke yako," alisema. "Nitakuja Pasaka ya mwaka wa pili kubatiza. Kabla ya hapo utafundisha, hutabatiza, hutaoza, na hutabadili kanuni."

"Ndiyo, Bwana Mchungaji."

"Kanuni unazijua?"

Nilizijua. Zilikuwa za kukataza pombe ya matambiko, ndoa ya mke wa pili, na ile iliyowauma watu kuliko zote: mwanafunzi wa ubatizo akinyoa kichwa na kukaa matanga kwa desturi ya wapagani, hutolewa darasani, na akitaka kurudi huanza upya tangu mwanzo.

Haneti walinipokea vizuri. Jumbe wa pale, Mzee Sogodi, ambaye serikali ilimpa kazi ya kusimamia kijiji, hakuwa Mkristo wala hakutaka kuwa, lakini alinipa mahali pa kujenga na vijana wa kukata miti. Tulijenga kanisa la tembe, paa la udongo, refu kidogo kuliko nyumba za watu. Kwa vile ngoma haikufika mbali kwa upepo wa kule, niliweka mlingoti, na kila Jumamosi nilipandisha kitambaa cheupe ili watu wa mbali wajue kesho ni siku gani.

Kitambaa kile kiliniletea Akida. Akida alikuwa mkubwa wa majumbe wote wa sehemu ile, mtu wa pwani, kanzu safi, fimbo mkononi. Alifika akiwa na askari wawili, akanyoosha fimbo juu.

"Bendera ya nani hii? Serikali ina bendera moja."

"Si bendera, Bwana Akida. Ni Jumamosi."

"Jumamosi inapandishwa juu ya mti?"

"Huku hawaioni ikiwa chini."

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. Akaamuru mlingoti upunguzwe usije ukazidi ule wa Boma, akanywa maji, akaenda zake. Tangu siku hiyo watu wa Haneti waliiita siku ile ya kitambaa "Akida amecheka".

Katika Majilio ya kwanza alikuja Bibi Mbeleje. Alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, mkali wa ulimi, aliyeketi karibu na mlango kana kwamba atatoka wakati wowote. Nywele zake zilikuwa ndefu na chafu, jambo lisilo la kawaida kwa wanawake wa umri wake. Nilimwuliza Jumbe, naye akanieleza.

Bibi Mbeleje alikuwa na mwana mmoja, Ndahani, aliyekwenda kazi ya reli wakati njia ya garimoshi ilipokuwa ikichimbwa kupita Dodoma kuelekea magharibi. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Walisema aliugua huko mbele na kufa, akazikwa na watu wasiomjua, mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaonyesha. Kwa desturi ya kijiji kile, mtu ambaye hakuna aliyeona kaburi lake haliliwi matanga, maana kumlilia aliye hai ni kumwua. Basi mama alikaa hivyo. Hakunyoa, hakulia, hakuacha kungoja, na hakungoja kwa tumaini.

"Mwalimu," aliniambia siku aliyojiandikisha darasani, "umesoma kwamba huyo Bwana anakuja, na kwamba watu wakeshe. Mimi kukesha nakujua. Nataka kujua kama yeye anawajua wafu wasio na kaburi."

"Anawajua wote, Bibi."

"Usinijibu upesi hivyo, wewe mtoto. Nifundishe kwanza."

Nikamfundisha. Alikuwa na kichwa kigumu kwa Kiswahili. Imani ya Mitume aliijua yote kwa moyo, tangu mwanzo hadi amina, lakini kwa namna watu wa darasa lile walivyoijua, kama mtu anavyojua wimbo wa lugha ya jirani: anauimba bila kukosea na haumlizi. Krismasi alinicheka hadharani. Nilikuwa nimeeleza kwa majonzi jinsi Mwana wa Mungu alivyolazwa mahali pa kulishia ng'ombe, nikitazamia watu wasikitike. Wanawake wakatazamana.

"Kwani watoto wetu huzaliwa wapi?" Bibi Mbeleje akauliza. "Mimi Ndahani nilimzaa ndama wakiwa wanalamba mguu wangu. Sasa ndiyo naanza kumwelewa huyu Mungu wako."

Kwaresima ilipofika nilitangaza mfungo. Kanisa zima likaangua kicheko, na mzee mmoja akasema, "Mwalimu, mfungo huu sisi tumeuanza tangu ghala lilipokwisha, wewe ndiye umechelewa." Hata mimi nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimekunywa uji mwepesi wa ubuyu tangu jana yake. Lakini nilipowasomea jinsi Bwana alivyokaa jangwani bila chakula, kicheko kiliisha. Walisikiliza kwa namna ambayo mtu aliyeshiba hawezi kusikiliza. Niliona nyuso zile zikiinuka, nikaogopa kitabu nilichokishika.

Ndivyo tulivyomaliza mwaka wa kwanza na kuingia wa pili, ambao mwisho wake ulikuwa ubatizo. Kwaresima ya pili njaa ilikuwa mbaya zaidi. Bibi Mbeleje alidhoofika, miguu ikavimba, akawa anakuja kanisani kwa kushikwa mkono. Wiki mbili kabla ya Ijumaa Kuu alinishika nguo baada ya darasa.

"Mwalimu, tusomee ile ya siku ya tatu leo. Sina hakika ya kufika."

"Bibi, kila neno lina siku yake. Tutafika pamoja."

"Ninyi vijana mna siku nyingi za kugawa," alisema, akaachia nguo yangu.

Sikulala vizuri. Kama angekufa, angekufa bila maji ya ubatizo aliyoyangoja miaka miwili, na kama angetolewa darasani kwa kosa lolote, hakuwa na miaka mingine miwili ya kuanza upya. Hilo tulilijua yeye na mimi.

Wiki hiyohiyo tarishi wa misheni aliniletea Injili iliyochapwa kwa Kigogo, ya kwanza kuishika. Mpaka hapo nilikuwa nasoma Kiswahili na kueleza. Ijumaa Kuu niliamua kusoma habari za mateso yote kwa Kigogo, moja kwa moja, bila kueleza neno.

Kanisa lilijaa. Hata Jumbe Sogodi alikuja, akasimama mlangoni na mkuki wake, kutazama tu. Nikasoma. Kwa Kiswahili Bwana alikuwa amekufa mbali, katika nchi ya watu. Kwa Kigogo alisalitiwa na rafiki aliyekula naye bakuli moja, akapigwa na askari, akatolewa nje ya mji akafe kati ya wageni, na mama yake akitazama. Nilipofika mahali alipolia kwa sauti kuu na kukata roho, nikanyamaza kidogo, kama tulivyofundishwa.

Katika kimya kile Bibi Mbeleje akasimama bila kushikwa na mtu. Akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba.

Wanawake wote wakaitikia. Wagogo tunajua kulia, na kilio kile kilitikisa udongo wa paa ukatuangukia. Wanaume wakatoka nje, wakasimama upande mmoja kama inavyotakiwa. Jumbe akanijia mbio.

"Marehemu ana ndugu hapa?"

"Hana, Jumbe. Ndugu zake hawako hapa."

"Nani basi anakaa na msiba?"

Nilikumbuka kwamba hata siku yenyewe wengi wa watu wake walikimbia.

"Basi ni sisi," akasema Jumbe, ambaye hakuwa Mkristo. Akatuma vijana waende nyumba hadi nyumba wakazime mioto ya jikoni. Ilikuwa wakati wa palizi, magugu yalikuwa yakishindana na mtama, na mtu asiyepalilia wiki ile atajuta wakati wa mavuno; lakini hakuna aliyekwenda shambani. Waliketi chini kuzunguka kanisa. Jua lilipoanza kushuka nyembe zilitolewa, na darasa langu lote la ubatizo lilinyolewa, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa Bibi Mbeleje, na nywele zile za miaka mingi zilianguka miguuni pake.

Nilimkimbilia. "Bibi, kanuni! Mchungaji anafika kesho! Na unajua vema kwamba siku ya tatu anafufuka, umeikariri mwenyewe!"

Akaniangalia na kichwa chake kidogo kikiwa kinang'aa. "Najua, mwanangu. Hata kama atarudi, leo amekufa. Wewe ukifa nisikulilie kwa sababu utafufuka?"

Nikaketi chini na mimi. Sikujua kama nimefaulu kuliko walimu wote wa Ugogo au nimeharibu kazi ya miaka miwili. Niliona kitu kikubwa kinapita kati yetu na sikuwa na jina la kukiita.

Mchungaji alifika Jumamosi alasiri, juu ya punda, na wapagazi wawili. Aliona watu wamekaa chini kimya, vichwa vimenyolewa, hakuna moshi popote. Akashuka upesi.

"Mwalimu, nani amefariki?"

"Bwana Yesu, Bwana Mchungaji."

Alifikiri namfanyia mzaha. Alipoona uso wangu akajua sivyo. Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliomba kiti, akaketi penye kivuli cha ukuta, akawaita wanafunzi wa ubatizo mmoja mmoja, mimi nikifasiri.

"Umemnyolea nani?" aliwauliza.

"Bwana Yesu," kila mmoja alijibu, na kila mmoja alimpita salama, maana kanuni haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Nikaanza kupumua. Mwisho akaja Bibi Mbeleje.

"Umemnyolea nani, Bibi?"

"Bwana Yesu."

"Yeye peke yake?"

Nilimkonyeza. Nilifasiri swali polepole ili apate nafasi ya kusema ndiyo. Alinitazama kwa dharau kidogo, kisha akamgeukia Mchungaji.

"Na mwanangu. Nilikuwa sina kaburi la kumlilia. Jana nilisikia kwamba huyu naye walimtoa nje akafia kati ya wageni, wakamzika katika kaburi la mtu mwingine. Nikasema, basi Ndahani hakulala peke yake. Nimewalilia wote wawili pamoja. Sikuweza kuwatenganisha."

Nilifasiri. Ningeweza kufasiri vingine, lakini ulimi ulikataa. Mchungaji aliinama akiutazama udongo.

"Kanuni inajulikana," alisema mwishowe. "Nitamjibu kesho."

Kisha akainuka, akakiacha kiti pale kilipo. Nilidhani anaelekea hemani kwake. Alikwenda mpaka pembeni mwa watu, upande wa wanaume, akakunja miguu yake mirefu akaketi chini vumbini, akavua kofia. Jumbe Sogodi akamsogezea nafasi. Alikaa hapo mpaka giza likaingia.

Pasaka, alfajiri, nilipiga ngoma lakini hapakuwa na haja, kwa vile hakuna aliyekuwa ameondoka. Mchungaji alivaa kanzu nyeupe akaniambia nisome mimi, kwa Kigogo. Nikasoma jinsi wanawake walivyokwenda kaburini mapema na manukato. Wanawake wa Haneti walifuata kila neno, maana kuuandaa mwili wa maiti ni kazi yao. Nikafika mahali mjumbe anaposema kwamba hayupo hapa, amefufuka.

Hakuna kigelegele hata kimoja. Miaka miwili ya kuwaleta watu mpaka mlango huu, na wamekaa wananitazama!

Jumbe Sogodi akakohoa. "Mwalimu, usituone wakaidi. Tunauliza desturi. Mtu aliyeliliwa matanga akirudi hatumpigii vigelegele kwanza. Ilikwisha kutokea kwa wapagazi wawili watatu. Anasimamishwa mlangoni. Anamwagiwa maji kichwani, anapakwa unga, anapewa jina jipya, ndipo anaingia na vigelegele vinapigwa. Sasa huyu amerudi. Tutamwagia nani maji?"

"Amesema nini?" Mchungaji akauliza. Nikafasiri. Akaniambia nirudie, nikarudia.

"Mwulize kwa nini wanampa jina jipya."

"Kwa sababu yule wa kwanza tumekwisha kumzika," Jumbe akajibu.

Mchungaji akafunga kitabu chake. Nilimwona mtu yule asiyecheka, machozi yakimwingia ndevuni. Akasema kwa Kigogo chake kibovu, bila kunisubiri mimi, kwamba Bwana alikwisha toka na hahitaji maji yetu, lakini wote waliozikwa pamoja naye juzi wanatoka pamoja naye leo, na hao ndio wa kusimama mlangoni.

"Leteni maji," akasema. "Tunaanza na Mama Ndahani."

Hakuna aliyemfundisha jina hilo. Alilitunga mwenyewe jana yake, alipokuwa ameketi vumbini. Bibi Mbeleje alisimama kizingitini, akabatizwa Mariamu, na maji yakateremka juu ya kichwa kile kilichonyolewa. Alipovuka kizingiti vigelegele vililipuka, na nimesikia vingi maishani, lakini vile sijavisikia tena. Wanawake walimpaka unga wa mtama usoni. Unga haukuwa katika taratibu za misheni, lakini wakati huo Mchungaji alikuwa amegeukia upande wa pili akitafuta kofia yake, ambayo alikuwa ameishika.

Baadaye kanuni ya kunyoa ilipunguzwa ukali. Sikuuliza kwa nini, na Mchungaji hakuniambia. Bibi Mariamu alipona uvimbe wa miguu mahindi yalipoiva, akaendelea kunisumbua kwa maswali kila Jumapili, Kupaa na Pentekoste na zile Jumapili nyingi za kiangazi baada ya Utatu, mpaka nikahamishwa.

Nilihamishiwa Kondoa, mji wa Waislamu, watu wa vilima na wa biashara, ambako Wakristo tulikuwa wachache tukikusanyika sebuleni kwangu. Huko nilioa, huko nilipata mtoto wangu wa kwanza. Nimefanya kazi katika vituo vingine vingi tangu hapo, chini ya wachungaji wa kila tabia, mpaka macho yaliponikataza kusoma na wakaniambia nipumzike. Vijana wanaokuja kunisalimu huniuliza kazi hii ilinifundisha nini. Wanategemea niwape neno kubwa. Mimi huwasimulia Kondoa.

Mtoto wetu alikufa katikati ya Kwaresima. Majirani Waislamu walikuja kuchimba kaburi, wakatuletea chakula, Mungu awalipe. Mke wangu alilala akiuelekea ukuta. Mimi niliyesoma Pasaka mbele ya watu sikuweza kufungua kitabu. Jumapili ilipita bila ngoma.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi moja tulisikia jembe likigonga shambani kwetu, ambako magugu yalikuwa yamefunika mtama. Mke wangu akainua kichwa. "Nani anayelima kwenye nyumba ya msiba?"

Nikatoka. Alikuwa Bibi Mariamu, ametembea kutoka Haneti mguu kwa mguu alipopata habari, nguo ikiwa imejaa vumbi la njiani, ameinama anapalilia peke yake.

"Shikamoo, Bibi. Acha, tafadhali. Ingia ndani kwanza."

"Marahaba. Nitaingia. Nimekwisha kulia njia nzima, sasa nafanya kazi."

"Bibi, ni Kwaresima," nilisema. "Pasaka bado."

Alinyoosha mgongo, akanitazama kwa yale macho yaliyonicheka Krismasi.

"Bado? Pasaka ilikwisha kuwa, mwanangu. Mimi nilikuwapo. Wewe ndiye uliyetusomea, au ulikuwa unasoma tu?"

Akainama tena. Nilisimama pale, na nyuma yangu nikasikia mlango ukifunguka. Mke wangu alitoka akiwa ameshika jembe, akanipita, akaanza mstari wa pili. Nikarudi ndani kutafuta jembe langu.